Wasomaji Wanauliza: Nyota Tano za Dubai, Zipi za Kulipia?

Barua nyingi tulizopokea kuhusu likizo za mijini zimeulizia Dubai, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti: hoteli zote zinajiita za kifahari, nitajuaje ninacholipia? Tumechagua barua sita. Bei tumeziandika kwa dirhamu. Dola moja ni dirhamu 3.67, na kiwango hicho hakipandi wala kushuka kwa kuwa sarafu hiyo imefungwa kwenye dola.

Swali: Mimi na mume wangu tunatimiza miaka ishirini ya ndoa. Tutalala siku tano, mwezi wa Desemba, na tumetenga dirhamu 800 kwa usiku. Wakala ametuletea hoteli nne, zote nyota tano: moja Deira, moja Downtown, moja Dubai Marina, moja Palm Jumeirah. Bei zinakaribiana sana. Tuchukue ipi? – Mama wa Morogoro

Hongereni kwa miaka ishirini. Hizo bei kukaribiana, mama, ndiyo iwatie shaka. Sehemu hizo nne hazilingani kwa gharama, kwa hiyo bei zikilingana ujue vyumba ndivyo visivyolingana. Kwa dirhamu 800 Deira inaweza kukupa chumba kipana chenye sebule, na Palm ikakupa chumba cha daraja la chini kabisa katika jengo hilo, dirisha likitazama maegesho. Mwambie wakala akuandikie mambo matatu kwa kila hoteli: jina kamili la aina ya chumba, ukubwa wake kwa mita za mraba, na dirisha linatazama nini. Chumba cha mita 28 ni cha kulala tu. Kuanzia 40 mtapata mahali pa kukaa na kufungua mabegi bila kurukana.

Ukubwa mkishaujua, liangalieni eneo. Dubai ni mji mrefu uliojinyoosha kando ya bahari, na anayekosea eneo hulipa tofauti yake kwenye teksi kila siku. Andikeni mtakuwa wapi asubuhi na wapi usiku, siku kwa siku, kisha mhesabu ni eneo gani limejirudia zaidi.

Deira ndiyo Dubai wanayoijua wafanyabiashara wetu: soko la dhahabu, mtaa wa Naif, ofisi za kusafirisha mizigo, na Kiswahili unakisikia barabarani. Abra, ile mashua ya kuvuka Khor (mkono wa bahari unaoingia mjini), ni dirhamu 1. Hoteli zake kubwa ni za zamani. Ile iliyofunguliwa mwaka 1975 kama InterContinental, kando ya Khor, leo ni Radisson Blu. Majengo ya umri huo mara nyingi yana vyumba vipana, ila uliza chumba utakachopewa kilikarabatiwa lini. Neno "imekarabatiwa" kwenye tangazo linaweza kumaanisha ukumbi wa mapokezi peke yake.

Downtown ina Burj Khalifa, Dubai Mall na chemchemi za maji. Jioni mnatembea kwa miguu, na hilo lina thamani. Mtego wa hapa ni hoteli za mtaa wa jirani, Business Bay, zinazojitangaza kuwa "dakika tano kutoka Dubai Mall". Kwenye ramani ni kweli, umbali ni mdogo, lakini katikati kuna barabara kuu na sehemu nyingine hazina njia ya miguu. Fungueni ramani ya simu, mchague mwendo wa miguu, si wa gari. Fanyeni hivyo hivyo kwa hoteli za Sheikh Zayed Road: kituo cha metro kikiwa ng'ambo, mara nyingi mtavukia kwenye daraja la kituo lenyewe. Na hata mkishuka kituo cha Burj Khalifa/Dubai Mall, kuna ujia wa ndani wa mita 820 kabla ya kuingia madukani.

Marina ina ufukwe wa wazi wa JBR (Jumeirah Beach Residence), tramu na migahawa mingi. Palm, kisiwa cha kutengenezwa, ni kwa mtu anayetaka kukaa hotelini, aogelee, ale, alale. Mkikaa Palm huku mkipanga kwenda Deira kila siku, nauli itakula sherehe.

Kwa siku tano za wawili, sisi tungekaa Downtown, na siku moja tungekwenda ufukweni kwa teksi. Kama mume wako ni mtu wa bahari, basi Marina. Kuhama hoteli katikati ya safari hatupendekezi: unatoka chumba kimoja saa sita mchana, kingine hakijafunguliwa hadi saa tisa, na nusu siku imekwenda.

Tarehe nazo zina neno. Desemba 2 na 3 ni sikukuu ya taifa la Emirati, na bei hupanda. Kuanzia tarehe 20 hivi hupanda tena hadi Mwaka Mpya. Usiku wa Desemba 31 hoteli nyingi za Downtown hudai ulale siku kadhaa kwa mkupuo, nyingine zinakuuzia na chakula cha usiku kwa lazima, na barabara za jirani hufungwa mapema kwa ajili ya fataki. Dirhamu 800 zenu zitafika mbali kati ya tarehe 5 na 18.

Swali: Kwenye simu niliona chumba dola 163. Nimefika ukurasa wa kulipia imekuwa zaidi ya dola 200. Nimeibiwa? – Msomaji, Kisumu

Hujaibiwa, ndugu. Ulionyeshwa bei tupu. Dola 163 ni dirhamu 600 hivi. Juu yake inakuja gharama ya huduma 10%, yaani 60. Ada ya manispaa 7%, yaani 42. Na VAT 5%, ambayo ikipigwa juu ya bei pamoja na huduma ni 33. Hapo umefika 735. Bado ada ya serikali iitwayo Tourism Dirham: nyota tano ni dirhamu 20 kwa chumba cha kulala kwa usiku, nyota nne 15, nyota tatu 10. Jumla 755, yaani dola 205 na ushee. Kwa siku tano tofauti ni dirhamu 775, zaidi ya bei tupu ya usiku mmoja.

Tovuti nyingine hujumlisha kila kitu isipokuwa hiyo Tourism Dirham, ambayo kwa kawaida unalipia mapokezi. Kwa hiyo usilinganishe hoteli mbili kabla hujazifikisha zote kwenye ukurasa wa mwisho. Na ukiona tangazo lina alama ya kuongeza mara mbili au tatu baada ya bei, ujue ni bei tupu.

Kuhusu kiamshakinywa: bei ya chumba na chai ikizidi ya chumba kitupu kwa dirhamu 60 kwa wawili, chukua. Ikizidi kwa 250 na hoteli ipo Deira au Bur Dubai, ng'ambo ya Khor, acha. Nje kuna chapati na chai ya maziwa kila kona. Kwenye Palm huna jirani wa kumkimbilia, kwa hiyo chukua ya hotelini hata kama inauma.

Swali: Ndege yetu inatoka Nairobi tarehe 10 saa tano usiku. Nianze kulipia hoteli tarehe 10 au 11? – Baba wa Machakos

Safari ni saa tano hivi, na saa ya Dubai iko mbele ya yetu kwa saa moja, kwa hiyo mtatua tarehe 11 alfajiri. Mkilipia kuanzia tarehe 11, chumba ni chenu kuanzia saa nane au saa tisa mchana. Mnaweza kuacha mabegi mapokezi na kuzunguka. Wengine hubahatika kupewa chumba saa nne asubuhi, lakini hiyo ni hisani, haki bado hamna. Mkitaka kulala mkifika, lipieni usiku wa tarehe 10 kisha mwandikie hoteli kwamba mtaingia alfajiri ya 11. Bila huo ujumbe wanaweza kuwahesabu kuwa hamkutokea, na chumba chote cha siku zilizobaki kikafutwa. Kosa hili ni la kawaida mno.

Kama mnatumia ndege inayotua Terminal 2, hakuna kituo cha metro hapo. 1 na 3 vipo. Teksi za uwanja wa ndege huanza na dirhamu 25 kwenye mita. Na mkipewa fursa ya kughairi bure "hadi saa kumi na mbili jioni", hiyo ni saa ya Dubai.

Swali: Tuna watoto watatu, miaka 4, 9 na 13. Marafiki wanasema chukua chumba kimoja, usitaje mtoto wa tatu. – Mama Watatu, Mombasa

Usithubutu. Mapokezi huomba pasipoti ya kila anayelala, mtoto mchanga akiwemo, na huzihesabu. Vyumba vingi vya kawaida vina ukomo wa watu wazima wawili na watoto wawili. Ukizidi, unauziwa chumba cha pili papo hapo kwa bei ya siku hiyo, usiku wa manane, ukiwa na watoto wamesinzia begani.

Una njia mbili zenye maana. Ya kwanza ni vyumba viwili vyenye mlango wa ndani unaoviunganisha. Hapa soma kwa makini: vyumba "vilivyopakana" ni viwili vya jirani tu, unatoka koridoni kumfuata mtoto. Na mlango huo kwenye fomu huwa ni ombi, hoteli haijajifunga kwa lolote. Piga simu au andika barua pepe moja kwa moja, upate jibu la maandishi kwamba vimethibitishwa, ulitoe mapokezi ukifika. Ya pili ni hoteli ya apatimenti yenye vyumba viwili vya kulala, jiko na mashine ya kufulia. Kwa familia ya watano wanaokaa wiki nzima, sisi tungekwenda na hii. Kumbuka tu kwamba Tourism Dirham inahesabiwa kwa kila chumba cha kulala, kwa hiyo utalipa mara mbili.

Kama watoto wanataka michezo ya maji, piga hesabu kabla ya kuikataa Atlantis The Palm kwa sababu ya bei. Anayelala pale huingia Aquaventure, bustani yake ya michezo ya maji, bila tiketi. Zidisha bei ya tiketi kwa watu watano, mara siku mbili, kisha ulinganishe. Wa miaka 4 atabaki sehemu ya wadogo, maana slaidi nyingi kubwa zinataka urefu wa mita 1.2.

Julai na Agosti bei hushuka sana, na sababu yake ni jua: joto hupita nyuzi 40. Ukienda wakati huo, chagua hoteli iliyoungana na jengo la maduka kwa ndani, mfano Kempinski ya Mall of the Emirates, na uliza kama maji ya bwawa yanapozwa. Januari uliza kinyume, kama yanapashwa moto, kwani jioni huwa na baridi ya kukimbiza mtoto. Adapta usinunue, soketi ni zile zile za pini tatu bapa kama za nyumbani.

Swali: Nampeleka mama yangu, ana miaka 72, hataki hoteli yenye pombe. Nyota tano zisizo na baa zipo? – Msomaji, Zanzibar

Zipo chache. Nyingi zisizouza pombe ni za nyota nne na za apatimenti, hasa Deira na Al Barsha, na baadhi zinazishinda za nyota tano kwa utulivu. Uliza waziwazi: pombe haiuzwi kabisa jengo zima, au haipo mgahawa mkuu tu? Halafu muulizie bibi mambo yatakayomgusa kila siku. Bafu liwe la kuogea kwa kusimama, bila beseni la kuruka ukingo. Chumba kiwe karibu na lifti. Koridoni za hoteli kubwa ni ndefu kuliko mtaa. Alama ya kibla utaikuta darini au ndani ya droo, na mpira wa maji chooni ni jambo la kawaida huko.

Swali: Hoteli imenizuilia dirhamu 1,500 kwenye kadi na nimeshaondoka. Wamezila? Na hivi, nyota saba ni kweli? – Kijana wa Kampala

Hiyo ni amana ya vitu unavyoweza kutumia au kuharibu. Kwa kadi ya mkopo kiasi hicho huzuiwa tu. Kwa kadi ya akaunti yako, fedha zako zenyewe hufungiwa, na benki inaweza kuchukua wiki mbili au zaidi kuziachia hata kama hoteli imeshatoa ruhusa siku ile ile. Iombe hoteli karatasi ya kuachia amana, uipeleke benki yako. Safari ijayo uliza kiasi kabla hujalipia, na ubebe kadi ya plastiki yenye jina lako. Kadi ya namba iliyo kwenye simu hulipia mtandaoni vizuri lakini mapokezi wanaweza kuikataa. Taslimu hupokelewa mahali pengi, na unarudishiwa pale pale chumba kikishakaguliwa, kwa hiyo shuka mapema kabla ya teksi ya uwanja wa ndege.

Nyota saba hakuna. Daraja rasmi la juu Dubai ni nyota tano, na Burj Al Arab, iliyofunguliwa 1999, imo humo humo. Hizo mbili za nyongeza ni za magazeti.