Maiti kuvimba na kutoka damu puani si ushahidi wa sumu

Swali: Shikamoo Daktari. Mimi ni mkaguzi wa polisi, nimepangiwa kata moja ya vijijini mkoani Shinyanga. Huu ni mwezi wangu wa pili, nami ndiye mwanamke wa kwanza kushika nafasi hii hapa. Juma lililopita mwanamume wa miaka 40 hivi alikutwa amekufa kwenye nyumba yake ya shambani, siku ya tatu tangu aonekane mara ya mwisho. Mwili ulikuwa umevimba, umekuwa mweusi, ulimi uko nje, damu inatoka puani na mdomoni, na mgongo wote umevilia. Ndugu zake wanasema mkewe kamlisha sumu, na mganga waliyemwita kasema hivyo hivyo. Tabibu wa zahanati alichungulia mlangoni akaandika "sumu". Wazee waliniambia mwanamke hafunui maiti ya mwanamume, wakazika jioni ile ile nikiwa nasubiri gari la wilayani. Mjane nilimtoa mikononi mwa sungusungu, yuko kituoni kwa usalama wake. Je, dalili hizo zinatosha kumfungulia kesi? Na mwili ukishazikwa, ndiyo basi tena?

Jibu: Marahaba, Afande. Dalili zote tano ulizoziandika ni mabadiliko ya kawaida ya mwili baada ya kufa. Hakuna hata moja inayoonyesha sumu, na hakuna hata moja inayomgusa huyo mama.

Barua kama yako naipata mara kwa mara, na karibu kila mara neno ni hilo hilo: kavimba, katoka damu, basi kalishwa kitu. Mtu akifa, vijidudu vya tumboni mwake havifi naye. Vinaendelea kula na kutoa gesi. Rangi ya kijani huanzia chini ya tumbo upande wa kulia, pale utumbo mpana unapoanzia, kisha inasambaa na kuwa nyeusi. Gesi inajaza tumbo, inasukuma mapafu kwenda juu, na majimaji mekundu ya kuoza yanatafuta njia kupitia puani na mdomoni. Watu wanayaita damu. Ulimi nao husukumwa nje na gesi hiyo hiyo. Hata sehemu za siri huvimba, na hapo ndipo maneno ya tego huanzia. Katika nyumba ya bati iliyofungwa, kwa joto la huko kwenu, siku mbili zinatosha kabisa kumfanya ndugu amkane ndugu yake kwa sura. Siku tatu ni nyingi.

Mgongo uliovilia ni jambo jingine, nalo limewaponza watu wengi. Moyo ukisimama, damu hutelemka upande wa chini. Aliyelala chali, mgongo wake huwa wa zambarau. Saa za mwanzo ukibonyeza kwa kidole rangi inakimbia. Baada ya saa 8 hadi 12 hivi inaganda pale pale. Sehemu zilizokandamizwa na sakafu au mkanda hubaki nyeupe, na mtu asiyejua husema ni alama ya kamba.

Miaka kadhaa iliyopita niliitwa kumpima marehemu ambaye shemeji zake walishaapa kwamba alipigwa magongo na mkewe. Nilipasua ngozi ya mgongo kwa kisu, nikamwomba askari aliyekuwa nami amimine maji ya kikombe. Wekundu wote ukatiririka na maji, nyama ikabaki safi. Damu ya kipigo haioshwi hivyo, kwa sababu imeshaingia ndani ya nyama yenyewe. Nilipofungua fuvu nikakuta damu iliyovuja kutoka kwenye mshipa uliopasuka wenyewe. Mama yule alikuwa amekaa mahabusu siku kumi na moja, na nyumba yake ilikuwa imeshachomwa moto.

Sisemi kwamba marehemu wako hakulishwa sumu. Huko mnalima pamba, na dawa ya pamba iko katika kila nyumba. Lakini dawa nyingi za kuua wadudu huacha habari nyingine kabisa: mate na povu jingi, jasho, matapishi, kuharisha, misuli kutetemeka, mboni za macho kuwa ndogo kama kichwa cha pini, na harufu kali ya dawa. Dalili hizo nyingi huonekana kwa mtu aliye hai, kwa hiyo lazima umtafute aliyemwona mwisho na umuulize alivyokuwa. Rudi kwenye ile nyumba leo. Tafuta kichupa, kikombe, sufuria, matapishi hata yaliyokauka sakafuni. Kila kimoja kiingie kwenye chombo chake safi, kifungwe kwa lakiri, kiandikwe tarehe na jina la aliyekichukua. Na uliza pia habari za kifafa, presha, pombe aliyokunywa siku ile, na kama alikuwa na ugomvi na mtu yeyote nje ya ndoa yake. Ndugu wanaomnyooshea kidole mjane, mara nyingi kuna shamba au ng'ombe nyuma ya kidole hicho. Andika na hilo.

Kuzikwa si mwisho. Pitia kwa mkuu wa upelelezi wa wilaya ili iombwe amri ya mahakama ya kufukua, na ombeni upesi. Mifupa iliyovunjwa hukaa miaka, kikiwamo kile kifupa kidogo cha kooni ambacho huweza kuvunjika mtu akikabwa. Mwaka 2023 kule Shakahola, Kilifi, nchini Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400, mingi imezikwa muda mrefu, na bado madaktari waliweza kuonyesha waliokufa kwa njaa na waliokabwa. Sumu ina mashaka zaidi, kwani baadhi ya dawa huvunjika mapema. Ndiyo maana tutachukua ini, vilivyomo tumboni, nywele, na udongo wa juu, wa chini na wa kando ya jeneza, pamoja na udongo wa mbali wa kulinganishia. Ulizeni kama mwili ulidungwa formalini, dawa ya kuzuia maiti isioze, maana hiyo huharibu vipimo vingi. Na sampuli za sumu zisitiwe formalini kamwe. Mkemia Mkuu wa Serikali hana kipimo kimoja kinachosema "sumu ipo" au "haipo". Lazima aambiwe kinachoshukiwa, na ndiyo maana kichupa cha sakafuni kina thamani kuliko maneno ya ukoo mzima.

Sasa huyo tabibu. Aliyeandika sababu ya kifo bila kumgusa marehemu ameandika uvumi na kuupiga muhuri. Karatasi hiyo mnaiweka kwenye jalada, inasomwa mahakamani, na mtu anafungwa. Afadhali angeandika "sijui". Mganga ndiye mbaya zaidi. Anafika amekwisha kusikia majirani wanamtaka nani, anatupa vitu vyake chini, anataja jina lile lile. Kumtaja mtu kuwa mchawi ni kosa chini ya Sheria ya Uchawi, Sura ya 18, na Januari 2015 Serikali ilipiga marufuku wapiga ramli kwa sababu ya mauaji ya watu wenye ualbino. Bado wapo. Bibi zetu wa Usukuma wamekatwa mapanga kwa macho mekundu ambayo waliyapata kwa kupikia kinyesi cha ng'ombe miaka hamsini.

Na wakati kijiji kinashughulika na maiti iliyovimba, maiti ambayo haijavimba inapita. Mtoto aliyezibwa pua kwa mto mara nyingi haachi jeraha. Kitundu cha spoku ya baiskeli iliyochomwa kichwani hufunikwa na nywele. Watu wanasema kifo cha Mungu, wanazika saa kumi, na hakuna anayekuandikia wewe wala mimi.

Kuhusu wazee: sheria haikutaja jinsia ya mkaguzi. Waheshimu, waombe kivuli na ndoo za maji, wape nafasi ya dua yao kabla ya jembe la kwanza. Kisha simama mezani mwenyewe mwili ukifunguliwa, uone ngozi ikipasuliwa na maji yakimiminwa, kwa sababu wewe ndiye utakayeulizwa kizimbani ulichokiona.