Nafasi ya TFSA kwa aliyehamia Kanada 2022
Hapana ndugu unayeuliza kama unaweza kuweka dola 102,000 kwenye TFSA (akaunti ya akiba ya Kanada ambayo faida yake haikatwi kodi), nafasi hiyo sio yako. Hiyo ni jumla ya 2009, TFSA ilipoanza, mpaka 2025, kwa mtu aliyekuwa mkazi wa Kanada muda wote huo na alikuwa na miaka 18 au zaidi tangu 2009. Wewe uliyeingia 2022 unahesabu kuanzia mwaka huo, yaani 6,000 ya 2022, 6,500 ya 2023, halafu 7,000 ya 2024 na 7,000 ya 2025, jumla 26,500 mpaka 2025, na hata kama ulitua Desemba ule mwaka unapewa mzima. Huwa nawasaidia watu wetu kujaza fomu za kodi na hili naliona sana, tafadhali usitegemee benki ikuzuie, wao wanapokea tu hela, ukizidisha CRA (mamlaka ya kodi ya Kanada) wanakukata asilimia 1 kila mwezi kwa ile iliyozidi mpaka uitoe. Na ukitoa hela mwaka huu nafasi yake inarudi Januari, usiirudishe kabla ya hapo kama ulishajaza nafasi yako yote. Ila kama ulifika hujatimiza 18, anza kuhesabu mwaka uliotimiza.