Wacha raba kwanza, uliza maji yanajaa saa ngapi

Ndugu yangu, nimesoma swali lako mara mbili na usingizi umeruka. Umesema umejisajili mbio za nyika za bichini mwezi wa 7, kilomita 12, raundi mbili, njia inapita chini ya majabali, mwanzo saa nane mchana. Unauliza ununue raba gani, asubuhi ule nini, wiki ngapi za mazoezi zinatosha na kama upepo wa kusi utakukaba kifua. Alafu mwisho kabisa unatupia kwamba kuhusu maji ya bahari kujaa kocha kakwambia "hayana shida". Hayana shida! Mimi niliambiwa maneno hayohayo, na mtu ambaye mpaka leo hajanipigia simu kuniuliza mguu unaendeleaje.

Ilikuwa Nyali, hapa Mombasa, Julai pia, raundi mbili kama zako. Tulitakiwa tuanze saa tatu asubuhi, na saa tatu siku ile bichi ilikuwa pana mpaka unaona raha, mwani umelala kwenye mchanga kama mikeka, wavuvi wanatembea huko mbali kwenye mwamba. Tukangoja. Mara spika hazijafika, mara mgeni wa heshima yuko njiani, mpaka saa saba na nusu. Mzee mmoja wa mashua alikuwa ameketi pale anashona wavu, akawaambia waandalizi, wanangu leo bamvua, maji yatajaa sana, ahirisheni ama mpitishe watu juu barabarani. Wakamwitikia "sawa mzee" vile mtu anamwitikia mtoto. Mkubwa wao akashika maikrofoni akatwambia tusiwe na wasiwasi, joto ndo adui wa mbio za Mombasa na Julai hakuna joto, kwa hivyo mchana ni sawa tu.

Najua fikra hiyo inatoka wapi. Kila mtu hapa anakumbuka 2007, mbio za nyika za dunia pale uwanja wa gofu, mwezi wa 3, jua na unyevu vikaangusha watu, Kenenisa Bekele wa Ethiopia aliyekuwa hashindiki miaka mitano akatoka njiani, Zersenay Tadese wa Eritrea akabeba. Somo ni la kweli, jua la Machi si la kuchezea. Lakini wamelishika hilo moja wakasahau kwamba ule ulikuwa uwanja wa gofu, juu, nyasi. Bichi ni kitu kingine. Ukiwa bichini njia yenyewe inatoweka.

Raundi ya kwanza tulipita chini ya majabali kuna mchanga wa kama hatua kumi na tano, umebana lakini unapitika, upepo wa kusi unatupiga usoni tu. Nilikuwa wa sita, najisikia vizuri sana, mwaka mzima nilikuwa nimejiandalia siku ile. Nikazunguka, nikarudi pale baada ya kama nusu saa hivi, na mchanga haupo. Haupo kabisa ndugu yangu! Wimbi linakuja linagonga jiwe linarudi. Kijana wa waandalizi amesimama juu na kibendera anapiga kelele "pita, pita, ni magotini tu!" Nikapita. Hatua ishirini za kwanza kweli magotini. Ya ishirini na moja kulikuwa na shimo, nikazama kiunoni, na wimbi lililofuata likanibandika kwenye jiwe.

Sasa hapo ndo nataka unisikilize. Haya majabali yetu ni ya matumbawe na chini yameliwa na maji, yaani juu limetokeza kama paa na chini limeingia ndani. Huwezi kupanda. Unanyoosha mkono unashika na kila unaposhika ni wembe, nilipouangalia mkono baadaye kiganja kilikuwa kama kimepigwa mbuzi ya nazi. Wimbi likirudi linakuvuta, likija linakutupa tena kwenye jiwe lilelile. Raba ya kushoto ikachomoka, mguu ukakanyaga uchi, nikahisi kitu cha baridi tu kwenye unyayo, maumivu yakaja baadaye. Aliyenitoa si mwandalizi wala mtu wa huduma ya kwanza, ni muuza madafu aliyefunga leso mbili akanishushia kutoka kwenye ngazi. Nyuzi kumi na moja, alafu kidonda kikatunga usaha kwa sababu vipande vya jiwe vilibaki ndani wakafungua tena. Miezi minne sikukimbia. Na wale waliotuandaa walituma ujumbe kwamba "hali ya bahari ilibadilika ghafla". Ghafla! Bahari inayojaa na kupwa mara mbili kila siku tangu dunia iumbwe!

Kwa hivyo kabla hujaangalia kitu kingine chochote, angalia maji. Siku za bamvua, yaani mwezi mwandamo na mwezi mpevu na siku mbili tatu baada yake, hapa Mombasa maji yanakupwa kama saa nne saa tano asubuhi na yanajaa kama saa kumi jioni, na kutoka chini hadi juu yanaweza kupita mita 3. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, ni kinyume, asubuhi ya saa nne yamejaa, jioni yamekupwa, na hayaendi mbali sana. Kila siku yanachelewa kama dakika 50. Kama nyumbani kwenu kuna mzee anayehesabu mwezi wa Kiislamu mwulize tu leo ni siku ya ngapi ya mwezi, ushapata nusu ya jibu.

Na maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza baada ya kupwa yanajikokota, unaona bado mbali, unajidanganya. Saa ya tatu na ya nne ndo yanakimbia. Chukua siku ya bamvua, maji yamekupwa saa tano kasorobo, mbio zinaanza saa nane: umeingia kwenye saa zenyewe mbaya kabisa, na raundi ya pili ni mbaya kuliko ya kwanza. Tena Julai kusi inasukuma, na maji yakishapanda juu ya mwamba wa nje mawimbi hayavunjikii kule tena, yanakuja mpaka ukutani.

Kocha wako simjui, labda ni mtu mzuri na anajua kazi yake ya milimani, lakini kama hajui maji asikujibu maji. Mwambie akuonyeshe saa ya maji kupwa ya siku hiyo. Akishindwa, nenda kwa wavuvi mwenyewe. Na waandalizi waulize jambo moja kwa maandishi: mbio zikichelewa kwa muda wa saa mbili, njia inabadilishwa ama inabaki ileile? Wakisema inabaki, pesa ya usajili iache iende. Najua inauma, mimi nilijiambia nimeshalipa, nimeshakuja, watu wananiangalia. Bahari haisomi risiti.

Raba chukua zenye soli ngumu na uzifunge fundo mbili, usikubali mtu akwambie ukimbie miguu mitupu ati ni mchanga.

Niandikie tarehe ya mbio hapa chini. Nina jedwali la saa za maji kujaa na kupwa la Kilindini, bandari ya hapa Mombasa, mezani, nitakwambia saa nane siku hiyo mchanga utakuwa wapi na saa tisa utakuwa wapi, na kama kuna mwenzako mwingine amejisajili mwite naye asome.