Mwalimu wa Chamwino anayetaka kusomea elimu ya mazingira

Mwalimu, habari za kazi. Nimekuelewa: unafundisha msingi, mazingira unayapenda, ila hujui uache kazi ukasome au uanze na kozi fupi.

Usiache kazi. Anzeni na MEWAKA, yaani mafunzo endelevu ya walimu kazini, hapo hapo shuleni. Mada ya mazingira mnaweza kuipanga wenyewe kwenye jumuiya yenu ya ujifunzaji. Wakati huohuo jifunze kisiki hai, njia ya kufufua miti kutoka kwenye visiki vilivyo hai, kwa mikono yako. Chagua machipukizi machache yenye afya kwenye kisiki, pogoa mengine, kisha funga kitambaa ili wachungaji wajue mti huo una mwenyewe. Watoto wakiuona ukinyanyuka bila kumwagiliwa, somo limeingia. Ukipata nafasi, fika Kondoa uone makorongo ya eneo la HADO (mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma), ambako mifugo iliondolewa mwaka 1979 ili ardhi ipone. Wazee waulize na machungu yake pia, maana hayo nayo ni elimu ya mazingira.

Ukiamua shahada, pata kwanza ruhusa ya maandishi ya mkurugenzi wa halmashauri kupitia mwalimu mkuu, kabla hujalipa ada. Kuondoka bila ruhusa ni utoro kazini. Hakikisha chuo kinatambuliwa na TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Kuhusu cheo na mshahara baada ya masomo, muone afisa utumishi mwenyewe.