Kwa Wanaoanza Kupiga Picha Chini ya Maji: Tulieni Kwanza

Nimewaona tena vijana wapya wakishuka Ziwa Viktoria na kamera mkononi kabla hawajajua kutulia majini, nami nimeona afadhali niyaandike haya kuliko kuyarudia kila tunaporudi mwaloni.

La kwanza, na kwangu ndilo kubwa, ni kuelea. Asiyeweza kukaa mahali pamoja kwa kutawala pumzi yake tu, bila kupanda wala kuzama, bado hajawa tayari kushika kamera. Wengi wenu mlijifunza baharini, Mombasa au Unguja, na ziwani mnafunga mkanda wenye uzito uleule, ilhali maji yasiyo na chumvi hayambebi mtu vilevile. Matokeo yake mnatua kwenye tope.

Karibu na kisiwa kimoja cha Ssese, kijana mwenye jicho zuri la picha alimkuta ngege jike akiwa na watoto wake. Samaki huyo huatamia mayai kinywani, na watoto wakishaanguliwa huwarudisha humo hatari inapokaribia. Wale wadogo walikuwa wametanda mbele ya uso wa mama yao, kila mmoja jicho na mkia tu. Kijana akapiga mapezi aliyovaa miguuni kwa pupa, akapiga goti chini ili apate pembe nzuri, na tope likatimka. Mama akafungua kinywa, watoto wakaingia kwa mkupuo, akatoweka. Kamerani yalibaki madoa meupe matupu, kwa sababu flashi iliyo karibu na lenzi humulika kila chembe iliyo kati ya lenzi na samaki. Aliumia sana, nami niliumia pamoja naye, maana angetulia mbali kidogo, akapumua polepole na kusogea kwa ncha za mapezi, huenda yule mama angemvumilia.

La pili: wekeni flashi pembeni, mbali na lenzi, kisha sogeeni. Maji humfanya samaki aonekane karibu zaidi kwa robo ya umbali, hivyo mkidhani mmefika, bado. Rangi nyekundu hupotea katika mita chache za mwanzo, na hakuna marekebisho ya kompyuta yatakayoirudisha yote.

Oringi, yaani pete ya mpira inayoziba kasha la kamera, ikaguliwe kwa kidole na kwa tochi, kwani unywele mmoja unatosha kuingiza maji. Kasha huvuja mara nyingi kwenye kina kifupi, ambako shinikizo bado halijaibana oringi sawasawa; litumbukizeni kwanza kwenye ndoo.

Waulizeni wavuvi kuhusu mamba, mkapimwe kichocho baadaye, na msisahau kwamba uso wa ziwa hili uko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, hivyo majedwali ya mbizi ya baharini, yale yanayoonyesha mzamiaji akae kina gani kwa muda gani, hayafai bila kurekebishwa. Na kila baada ya picha chache, kabla ya kuitazama skrini, itazameni geji ya hewa, kisha mtafuteni mwenzenu kwa macho.