Kabla ya kuhesabu nyuso: namna ya kuzitazama filamu na tamthilia za Ufaransa

Wengi wakitaka kupima ubaguzi katika sinema ya Ufaransa huanza kwa kuhesabu nyuso nyeusi. Hesabu hiyo peke yake hupotosha. Anza kwa kuuliza nani aliruhusiwa kushika kamera.

Tarehe 11 Machi 1934, Pierre Laval, Waziri wa Makoloni, alitoa amri kwamba hakuna kupiga filamu Afrika Magharibi ya Kifaransa bila kibali cha utawala, ambao ulikagua kwanza muswada na watu watakaoshiriki katika kazi hiyo. René Vautier, mtengenezaji filamu Mfaransa, alipiga Afrique 50, filamu ya kupinga ukoloni, bila kujali amri hiyo. Alifungwa, na filamu ikazuiwa kwa zaidi ya miaka 40. Paulin Soumanou Vieyra, mtengenezaji filamu Mwafrika, alisomea filamu Paris, lakini alinyimwa ruhusa ya kupiga picha Afrika. Ndiyo maana Afrique-sur-Seine ya 1955, aliyoitengeneza na wenzake, inaonyesha Waafrika wakiwa Paris. Kwa hiyo ukiona kijiji cha Kiafrika katika filamu ya Kifaransa ya miaka ile, jua kwamba waliokaa humo hawakuwa na nafasi ya kujibu kwa picha zao wenyewe.

Sasa chukua daftari na uitazame filamu mara mbili. Mara ya kwanza andika kwa kila mhusika asiye Mzungu: ana jina au hana, anafanya kazi gani, anazungumza na nani, na mwisho wake ni upi. Usiiache safu ya mwisho wazi, kwa sababu ndiyo yenye mambo mengi kuliko zote. Josephine Baker, msanii mweusi mzaliwa wa Marekani, ni nyota wa Zouzou (1934) na wa Princesse Tam Tam (1935), jina lake likiwa juu ya mabango. Lakini katika ya kwanza, kijana ambaye Zouzou, yaani Baker, anampenda anamchagua msichana Mzungu. Katika ya pili, mchungaji wa Tunisia anayepelekwa Paris kujifanya binti mfalme kumbe hakuondoka kwao, na safari yote ilikuwa riwaya ya mwandishi Mfaransa. Anayetumia umaarufu wa Baker kuthibitisha kwamba Ufaransa haikubagua hajazitazama hizo filamu hadi mwisho.

Mara ya pili sikiliza lafudhi. Mhusika aliyekulia Paris akipewa "lafudhi ya Kiafrika" isiyo ya nchi yoyote, andika dakika yake. Mmali na Mkongo hawakisemi Kifaransa kwa namna moja. Mwaka 2018 waigizaji wanawake weusi 16, wakiongozwa na Aïssa Maïga, walitoa kitabu Noire n'est pas mon métier. Humo wanasimulia jinsi wanavyoambiwa ni weusi mno kwa uhusika huu, na si Waafrika vya kutosha kwa ule. Kisome kabla ya kuandika uhakiki wowote.

Angalia pia taa. Watu wawili wa rangi tofauti wakikaa pamoja na mwanga ukapimwa kwa uso mweupe tu, uso mweusi hupotea na kubaki macho na meno. Tiba yake inajulikana: taa pana na laini ya pembeni kwa ajili ya uso huo, halafu pima mwanga wa kila uso peke yake. Palipokosekana hilo, pana uzembe.

Ukihitaji takwimu, usitafute sensa ya rangi, kwani sheria ya 1978 inabana sana ukusanyaji wa taarifa hizo. Mamlaka ya utangazaji huhesabu watu wa kwenye televisheni kwa jinsi mtazamaji anavyowaona. Nawe fanya hivyo, na useme wazi kwamba ndivyo ulivyofanya.

Kwenye jukwaa, mambo huharibika mara nyingi wakati wa kugawa uhusika. Mwaka 2007 Comédie-Française, jumba la taifa la maigizo la Ufaransa, iliigiza Le Retour au désert, tamthilia ya Bernard-Marie Koltès, na uhusika wa Aziz, Mwaljeria, ukapewa mwigizaji asiye Mwarabu. François Koltès, ndugu na mrithi wa mwandishi, alikataa kuruhusu maonyesho yaendelee baada ya yale yaliyokwisha kukubaliwa, kwa sababu mwandishi alitaka wahusika Waarabu waigizwe na Waarabu. Wakati wa kuzungumzia nani aigize uhusika upi ni kabla ya mazoezi. Anayeandaa tamthilia ya namna hii aulize mwenye haki masharti yake, ayapate kwa maandishi, ndipo aite waigizaji.