Jibu: Nichukue mkopo nijenge gesti Lokichar kwa kuwa mafuta yanarudi?

Kaka, naona wengi hapo juu wanakuhimiza ukimbie benki kesho asubuhi. Umesema kampuni ya Gulf Energy wamenunua visima vya mafuta vya Turkana kutoka kwa Tullow, kampuni iliyokuwa ikivimiliki, kwa hiyo unataka mkopo ujenge gesti ya vyumba ishirini Lokichar kabla wenzako hawajaamka. Mimi nilikuwa karani wa stoo kwa kontrakta aliyelisha kambi za wachimbaji kule, tangu rigi (mitambo ya kuchimba visima) zilipokuwa zinaingia mpaka zilipofungasha. Nikuambie nilichoona upande wa pesa.

Pesa ya mji huja wakati wa kutafuta mafuta kuliko wakati wa kuyauza. Rais Kibaki alitangaza mafuta ya kisima cha Ngamia-1 mwezi Machi 2012, na baada ya hapo kila rigi ilikuja na msafara wake: wachimbaji, wapishi, madereva, walinzi, watu wa maji, watu wa matope ya kuchimbia. Lori letu la mboga lilipakia Kitale, likapanda Kapenguria, likashuka Kainuk, na kwa barabara ya miaka hiyo likifika Lokichar nyanya za chini ni mchuzi. Nilifungua kreti moja moja, naandika zilizooza, naagiza nyingine. Bei yetu ilikuwa ya kutisha na hakuna aliyebisha, kwa sababu rigi hukodiwa kwa siku. Ikisimama siku moja kwa kukosa chochote, hasara yake inameza nyanya za mwaka. Ndiyo maana hata mwenye pikapu moja kuukuu alipata tenda, na chumba cha mabati kilipangishwa kwa bei ya Nairobi.

Sasa tazama upande wa pili. Katikati ya 2014 pipa lilikuwa zaidi ya dola 100. Januari 2016 likawa chini ya 30. Mafuta ya Turkana hayakuhama, yalikuwa palepale chini ya ardhi, lakini bajeti ya kutafuta mengine ilikatwa na mwenye rigi akaambiwa aondoke. Vitanda vya gesti vilianza kuuzwa Lodwar kwa bei ya kutupa. Kontrakta mmoja (simtaji) alibaki anadaiwa na wauza mbuzi, naye anangoja invoisi zilipwe na waliompa kazi. Walioumia zaidi ni waliojenga kwa mkopo mwaka wa mwisho wa neema.

Utasema safari hii ni uzalishaji, si utafutaji. Sawa, lakini kisima kikishachimbwa hakihitaji jeshi la watu. Kinahitaji mafundi wachache wanaolala ndani ya ua wa kampuni. Kelele kubwa itakuwa miaka ya ujenzi na ya kuchimba visima vya ziada, kisha itapungua.

Halafu kuna bei ya kisimani, yaani kinachobaki ukishatoa gharama ya kuyafikisha mafuta sokoni, ambayo magazeti hayaitaji. Bei unayosikia redioni ni ya mafuta yaliyofika sokoni. Ya Lokichar yana nta nyingi, yakipoa yanaganda kama mafuta ya kupikia ya Kimbo, kwa hiyo bomba lazima lipashwe moto njia nzima, na bahari iko mbali. Mwaka 2016 Uganda iliamua kupeleka mafuta yake Tanga, bomba la kilomita 1,443, badala ya kupitia Kenya. Tangu siku hiyo Turkana ikabaki na mpango wa bomba la kwenda Lamu, zaidi ya kilomita 800, bila mwenzake wa kugawana gharama. TotalEnergies walikuwa na hisa pande zote mbili. Uganda wamekaa, Turkana wakatoka mwaka 2023 pamoja na Africa Oil. Hapo soma mwenyewe.

Ule mradi wa kusafirisha mafuta ya Turkana kwa malori hadi Mombasa ulitufundisha hesabu hiyo. Ulianza Juni 2018, ukasimama karibu mara moja wananchi walipofunga njia wakidai usalama, ukaendelea baadaye. Agosti 2019 meli ya kwanza iliondoka Mombasa na mapipa 200,000 yaliyouzwa dola milioni 12, yaani kama dola 60 kwa pipa. Vijana wakashangilia milioni 12. Hayo ni mauzo! Toa nauli ya lori zaidi ya kilomita elfu, kupasha moto, ulinzi, kuyahifadhi Changamwe kule Mombasa, kisha uniambie kimebaki nini.

Na kinachobaki hakigawanywi hivihivi. Kampuni kwanza inajirudishia gharama zake, kwa kiwango cha mkataba, ndipo faida igawanywe. Kwenye fungu la serikali, Sheria ya Petroli ya 2019 inatoa asilimia 20 kwa kaunti na 5 kwa jamii ya pale. Kwa hiyo usipange biashara yako ukitegemea kwamba mgao wa jamii utajaza mifuko ya wateja mapema.

Ningekuwa wewe ningeanza na vyumba vichache, vinavyoweza kuishi kwa wateja wa barabara ya Lodwar, madereva, watu wa mashirika na walimu wanaohamishwa, hata rigi isipokuja. Wa mafuta wakija, waongezee bei. Ukipewa tenda ya kulaza wafanyakazi, uliza kwanza wanalipa baada ya siku ngapi na ni nani anayetia saini LPO (hati ya kuagiza huduma), kampuni yenyewe au kontrakta wa kontrakta.

Pia umesema tayari unayo ploti. Ina hati? Sehemu kubwa ya Turkana ni ardhi ya jamii, na barua ya chifu haiwezi kushikilia mkopo. Benki ikikuambia ulete hati nyingine, nina hakika unawaza ile ya shamba la mzee wako kule Kitale. Iache palepale kabatini.